Saa Moja Asubuhi, Saa Kumi na Moja Jioni

Redeyef, Jumapili 12 Oktoba 1997

Widad mwanangu,

Salamu aleikum. Sisi wazima. Mke wangu Saida magoti yanamsumbua lakini mdomo hauna tatizo, kwa hiyo nyumba iko kama unavyoijua. Mama yako mwambie nimepata barua yake na nitamjibu nikipata nafasi.

Leo nakuandikia kwa jambo moja. Nina kijana anaitwa Lazhar, ana miaka kumi na minane, anacheza winga wa kulia. Nimefundisha mpira hapa miaka ishirini na mitatu, na wewe unajua sisifu watu ovyo. Huyu akipata mpira mguuni, beki anaanza kuangalia nyuma kabla hajafanya lolote. Mwezi uliopita klabu ya Lozi ya huko kwenu Sfax ilitangaza majaribio ya vijana, nikampeleka kituoni mwenyewe. Amerudi na karatasi. Kuruka wima: sentimita arobaini na moja. Mita thelathini: sekunde nne nukta hamsini na mbili. Chini yake wameandika, "Hana nguvu ya mlipuko. Hafai."

Hawakumpa hata mpira auguse. Walimpima kama wanapima gunia, wakamrudisha.

Tangu arudi haji mazoezini. Jana nimesikia ameandikisha jina kwenye kampuni ya mgodi wa fosfeti, kama baba yake, ambaye kifua kilimwisha akiwa na miaka arobaini na sita. Uchunguzi wa afya kwa wanaoandikishwa ni tarehe ishirini Novemba.

Wewe uko chuoni hapo, unasomea haya mambo ya miili ya wanamichezo. Niulizie vipimo vile vilifanywaje, na kama mtu anaweza kupimwa tena. Sitaki upendeleo. Nataka kujua tu.

Mjomba wako,
Tijani


Sfax, 19 Oktoba 1997

Mjomba mpendwa,

Aleikum salam. Barua yako imenifikia Ijumaa. Mama anakusalimu na anasema anaijua hiyo "nikipata nafasi" yako tangu mkiwa watoto.

Nikujibu kwa ninachokijua. Mwili wa binadamu hauko sawasawa siku nzima. Asubuhi joto lake liko chini, misuli ni mizito, mishipa ya fahamu inatuma amri polepole. Joto hupanda kadiri siku inavyokwenda, na kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni wengi wetu ndipo tunapokuwa na nguvu zaidi. Nimewapima wachezaji mpira mwaka wa pili sasa. Mchezaji yuleyule, viatu vilevile, uwanja uleule: jioni anaruka juu zaidi na anakimbia kasi zaidi kuliko asubuhi. Tofauti ni ndogo ukiitazama kwa macho, asilimia tano, wakati mwingine nane. Lakini pale ambapo mstari wa kuchaguliwa umechorwa kwa kalamu, asilimia tano inatosha kumwacha mtu nje.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: Lazhar alipimwa saa ngapi? Na alilala wapi usiku wa kuamkia siku hiyo?

Kuhusu kupimwa tena, nitauliza. Nipe muda.

Msalimie mkaza-mjomba Saida. Aweke kitambaa cha moto kwenye magoti, asisikilize majirani.

Wako,
Widad


Redeyef, 27 Oktoba 1997

Widad mwanangu,

Nimemkuta Lazhar kwenye mkahawa wa Bechir, anacheza karata na watu wasio na kazi. Nikamwambia, "Sogea, nina maswali ya mpwa wangu." Akasema, "Kocha, mpwa wako ni polisi?" Nikamwambia ni zaidi ya polisi, ni mtu wa chuo kikuu.

Haya ndiyo majibu. Alipanda treni ya usiku Metlaoui, akakaa kwenye korido juu ya begi, akafika Sfax alfajiri. Saa moja asubuhi alikuwa uwanjani. Wote waliotoka huku bara, wa Gafsa, wa Tozeur, wa Kasserine, wa Sidi Bouzid, walipimwa asubuhi, kwa sababu klabu haikutaka kuwalaza. Vijana wa Sfax waliambiwa waje saa kumi na moja jioni, wakitoka shule. Aliwaona wakiingia yeye anatoka kwenda kusubiri treni ya kurudi. Walikuwa wanacheka, wamekula, wamelala kwa mama zao.

Jingine. Aliyewapima alikuwa dada mmoja mwenye miwani, nywele amefunga kwa kalamu. Lazhar anasema aliporuka mara ya pili yule dada akamwambia, "Jaribu tena, wewe una zaidi ya hapo." Akaruka ya tatu, ikatoka ileile. Halafu akampa nusu ya mkate wake, una mafuta ya zeituni na harisa, ile pilipili ya kusaga. Lazhar anasema alikuwa mtu pekee mle ndani aliyemtazama usoni.

Mtafute huyo dada. Kama ana moyo wa kumpa mtu mkate, labda ana moyo wa kusema ukweli. Mwambie ni mimi nimemwomba.

Tijani


Sfax, 8 Novemba 1997

Mjomba,

Yule dada ni mimi.

Ungeweza kunijua kwa ile kalamu kichwani. Mama ananigombeza kila siku. Nilijua tangu barua yako ya kwanza, kwa sababu karatasi aliyorudi nayo niliiandika kwa mkono wangu, isipokuwa ule mstari wa chini. Nikakujibu kana kwamba ni jambo la watu wengine. Nimekaa na aibu hiyo wiki tatu na sina la kujitetea.

Nikueleze mpangilio ulivyo. Klabu ya Lozi inaniruhusu kuwatumia wachezaji wake kwa utafiti wangu wa shahada ya uzamivu. Mimi kwa upande wangu nawapimia vijana wao wa majaribio. Siku ile walikuja arobaini na wanane. Ishirini na wawili wa bara asubuhi, ishirini na sita wa mjini jioni. Ratiba sikuipanga mimi, lakini niliiona, na kazi yangu yote, mjomba, kila ukurasa ninaoandika, unasema usimlinganishe mtu wa asubuhi na mtu wa jioni. Nikawapima, nikaandika namba, nikawapa. Nilijiambia wao wataangalia na mpira, namba ni nyongeza tu. Hawakuangalia mpira.

Baada ya barua yako nilitoa jedwali, nikaongeza safu moja ya saa. Walichaguliwa kumi na wanne. Kumi na watatu ni wa jioni. Wa asubuhi ni mmoja tu, kipa kutoka Tozeur, mtoto wa mwoka mikate, ambaye tangu ana miaka kumi anaamka saa tisa usiku kuwasha tanuri. Kwake saa moja asubuhi ni katikati ya mchana.

Jumatano nilikwenda kwa Bwana Fendri, mkurugenzi wa vijana. Nikamwekea jedwali mezani. Akalisoma hadi mwisho, si mjinga. Akasema:

"Binti, mpira unachezwa saa yoyote. Refa akipuliza filimbi hakuulizi umeamka saa ngapi."

Nikamwambia, "Refa huzipulizia timu zote mbili saa ileile."

Akacheka. "Hilo umenipata. Lakini orodha imefungwa, vitanda vimejaa. Mwakani tutawapima wote asubuhi, uridhike."

"Na wa mwaka huu?"

"Wa mwaka huu wana bahati yao. Sisi wote tulikuwa na mwaka wetu."

Kwa hiyo nimeamua hivi. Chuoni kuna ukumbi ambao si wa klabu. Nataka kuwaita wale ishirini na wawili waje siku nne, mwishoni mwa Desemba kabla ya Ramadhani. Watalala bweni la wanafunzi, watakula, watapumzika, halafu nitampima kila mmoja asubuhi na jioni, siku tofauti. Nimewaandikia wote. Mwambie Lazhar aje. Na mwambie ni nani aliyempima, usinifiche.

Widad


Redeyef, 14 Novemba 1997

Kwa Dada Widad,

Salamu. Mimi ni Lazhar. Kocha amenisomea barua yako na amenipa anwani.

Sina hasira na wewe. Mkate ulikuwa mzuri, ila harisa ya Sfax haina ukali, samahani kusema. Lakini kuja tena sitakuja. Nimeruka kwenye ule mkeka wenu mara tatu mbele ya watu, na kila nikiruka ile mashine inasema kitu kilekile. Mtu hapendi kuambiwa mara ya nne.

Tena usijisumbue sana na hiyo saa moja asubuhi. Miguu yangu ilikuwa imekwisha kabla ya treni. Jumapili ile mchana tulicheza na Moulares, dakika tisini kwenye kokoto, nikafunga mawili, na beki wao akanikanyaga kisigino. Nikaoga, nikala mayai, nikaenda kituoni. Kocha anajua, yeye ndiye aliyenipanga. Kwa hiyo hata ungenipima saa sita mchana ningekuwa vilevile.

Tarehe ishirini naenda kwa daktari wa kampuni. Wanasema wanaangalia kifua na macho, hawaangalii mtu anaruka kiasi gani.

Asante kwa kuniandikia jina langu vizuri. Klabu waliandika Lashar.

Lazhar, mwana wa Mabruka


Sfax, 18 Novemba 1997

Mjomba,

Nimepata barua ya Lazhar.

Hukuniambia habari ya Moulares. Umeniuliza jinsi alivyopimwa, umenieleza treni, korido, begi, mkate, hata alivyofunga nywele mpimaji, na mechi ya dakika tisini chini ya saa kumi na tano kabla ya majaribio hukuitaja. Mimi nilikuwa nimeandaa hesabu ya kumpelekea Fendri tena. Angeniuliza swali moja tu, "Alifanya nini jana yake?", na ningerudisha karatasi zangu mkobani.

Sikugombezi, sina haki hiyo mwaka huu. Lakini nataka nisikie kutoka kwako.

Widad


Redeyef, 23 Novemba 1997

Widad mwanangu,

Ni kweli. Nilimpanga.

Tulikuwa na pointi moja baada ya mechi tatu. Kamati walikuwa wamekaa kwa Bechir Ijumaa wakiniangalia kama mtu ambaye jeneza lake limeshapimwa. Nikajiambia nimchezeshe kipindi cha kwanza tu. Kipindi cha kwanza tukawa sare. Nikajiambia dakika kumi zaidi. Dakika ya sitini akafunga, nikaona watu wameruka uzio, nikasahau treni, nikasahau kila kitu. Akafunga la pili dakika ya themanini na nane. Kamati wakanibeba. Yeye akaenda kuoga peke yake.

Aliporudi na ile karatasi nilitafuta wa kumlaumu, na Sfax iko mbali, ni rahisi kuilaumu. Hayo ndiyo yaliyokuwa kwenye barua yangu ya kwanza, ukiisoma vizuri.

Juzi nilikwenda nyumbani kwao. Lazhar alikuwa ametoka. Mama yake, Mabruka, alikuwa anapepeta shayiri uani. Nilimweleza yote, la kwako na la kwangu, sikuacha kitu. Hakuinua kichwa hadi nilipomaliza. Akasema, "Kwa hiyo mwanangu alipimwa akiwa amechoka, saa mbaya, na watu wawili wanaompenda." Akaendelea kupepeta. Halafu akasema, "Akapimwe tena. Akishindwa safari hiyo, ameshindwa yeye. Hapo nitamwacha aende mgodini."

Uchunguzi wa kampuni amefaulu. Anaanza kazi tarehe kumi na mbili Januari. Desemba atakuja. Amekasirika, lakini atakuja. Kwa mama yake hakuna rufaa.

Wiki mbili kabla sitampanga mechi yoyote. Nimewaambia kamati. Wamenuna.

Tijani


Sfax, 27 Desemba 1997

Mjomba,

Wameondoka jana. Nyumba ya mama bado ina harufu ya viatu, maana watano walihamia huku bweni lilipokosa maji ya moto, na mama aliwapikia mlukhia, mchuzi wake mzito wa mlenda na nyama, hadi wakashindwa kusimama.

Walikuja kumi na saba kati ya ishirini na wawili, pamoja na yule kipa wa Tozeur, ambaye kwa kuwa tayari yuko klabuni hakuhitaji kuja. Alisema amekuja kwa sababu amechoka kuulizwa kwa nini ni yeye tu. Niliwagawa nusu kwa nusu: kundi moja lilianza na asubuhi, jingine na jioni, siku moja ya mapumziko katikati. Kabla ya kila kipimo, kipimajoto mdomoni. Lazhar alikiuma kama sigara akawachekesha wote; ilibidi nianze upya.

Matokeo. Kumi na wanne waliruka juu zaidi jioni. Wawili hawakubadilika. Kipa alishuka sentimita moja jioni, akapiga miayo kutwa. Mbio ni vilevile, ila tofauti ni ndogo kidogo.

Klabu ilitaka sentimita arobaini na tano na sekunde nne nukta thelathini na tano. Asubuhi, hata baada ya kulala vizuri, walifikia wawili. Jioni walifikia sita, kipa akiwamo.

Lazhar: Septemba alikuwa arobaini na moja. Safari hii asubuhi arobaini na nne, jioni arobaini na saba. Mbio za jioni nne nukta ishirini na tisa. Kwa hiyo, mjomba, sentimita tatu ni zako na za treni, na sentimita tatu ni za saa. Tumegawana sawasawa.

Alipoiona namba alikwenda akaketi kwenye benchi, akavua viatu, akavivaa tena. Baadaye akaniuliza, "Dada, hii mashine siku ile ilikuwa nzima?" Nikamwambia ilikuwa nzima. Akasema, "Basi ni mimi niliyekuwa mbovu, na nimepona." Nikaona nisimsahihishe.

Sasa sehemu ngumu. Nilimpelekea Fendri jedwali, nikamweleza na jinsi ulivyoniandikia kuhusu Lazhar. Akalisoma, akafunga mlango. Akasema, "Yule wa mjomba wako nitamchukua. Kitanda kitapatikana. Aje tarehe kumi na tano Januari." Nikamuuliza na wale wanne wengine waliofaulu ambao hawana mjomba. Akasema, "Mmoja naweza kumweleza mwenyekiti. Watano ni kashfa. Hilo jedwali liingie kwenye droo yako, libaki humo. Na wewe uendelee na utafiti wako kwa amani."

Amenipa hadi tarehe kumi kujibu. Sijajibu. Nikikataa, Lazhar anaingia mgodini siku mbili baadaye, na mimi nakosa wachezaji wa kumalizia kazi ya miaka miwili. Nikikubali, unajua. Niambie unavyoona.

Widad


Redeyef, 3 Januari 1998

Widad mwanangu,

Ramadhani njema kwenu nyote. Siku ya nne leo na Saida ameshagombana na supu ya chorba mara mbili.

Nimesoma barua yako, nikaiweka, nikaisoma tena. Kubali.

Naandika kama mtu aliyemzika baba yake Lazhar kwa mikono yake. Wale wengine haki yao ipo, sikatai, lakini wana makocha wao na wajomba wao, watawatafutia njia. Huyu ni wa kwetu. Jedwali halitaoza kwenye droo. Ukishapata shahada yako ulitoe, upige kelele upendavyo, na mimi nitakuja kuzipiga pamoja nawe.

Lazhar sijamwambia habari ya droo. Nimemwambia tu kuna tumaini.

Tijani


Sfax, 10 Januari 1998

Mjomba,

Nimekwenda kwa Fendri asubuhi ya leo. Nimekubali.

Lazhar aripoti Alhamisi tarehe kumi na tano na cheti cha kuzaliwa, picha nne na viatu vyake. Asiende mgodini Jumatatu; barua hii nampa dereva wa teksi ya Redeyef ili ikuwahi kesho. Mwambie apande treni ya mchana, alale kwetu, mama anamsubiri.

Sina la kuongeza.

Widad


Redeyef, 9 Januari 1998

Dada Widad,

Salamu na saumu njema. Nakuandikia haraka kwa sababu nasikia tarehe kumi ndiyo mwisho, na posta ya hapa inakwenda kwa punda.

Kocha hawezi kuficha kitu. Jana mazoezini, saa moja kabla ya futari, wote tumekauka midomo, ananiangalia, anaangalia pembeni, ananiangalia. Nikamwambia, "Kocha, sema, au nife na kiu na hamu pamoja." Akanitolea barua yako mfukoni, nikaisoma yote.

Nakuomba usikubali. Si kwamba mimi ni mtu mwema sana. Nataka kwenda Lozi hadi naiota usiku. Lakini kwenye treni ya kurudi Desemba tulikaa sita kwenye behewa moja. Kila mmoja alikuwa na karatasi yake uliyompa. Tulilinganisha. Najua nani alipata arobaini na sita, najua nani alipata arobaini na nane, ni Ridha wa El Hamma, ananizidi. Walinipa chungwa. Nikivaa jezi ile, kisha Ridha aje kuangalia mechi jukwaani, mimi nitapigaje krosi?

Tena sitaki kuwa yule wa mjomba. Nataka kuwa arobaini na saba.

Mama anasema vivyo hivyo ila kwa maneno makali zaidi.

Lazhar


Sfax, 14 Januari 1998

Lazhar ndugu yangu,

Barua yako imefika jana, siku tatu baada ya mimi kukubali. Niliisoma nimesimama mlangoni na mama akadhani kuna msiba.

Umesema kwa ukurasa mmoja nilichoshindwa kukisema kwa wiki mbili. Jedwali lile si langu. Ni lenu, mistari kumi na saba, kila mmoja aliamka kwa ajili ya mstari wake. Sikuwa na ruhusa ya kuliuza, hata kwa kukununulia wewe kitanda.

Leo nimefanya hivi. Nimetoa nakala kumi na nane. Kumi na saba nimezituma kwenu, kila mtu ya kwake, na barua fupi inayoeleza kilichotokea Septemba, saa za vipimo, na jina langu kama mpimaji. Moja nimeipeleka ofisi ya vijana ya chama cha mpira. Kisha nikaenda kwa Bwana Fendri kumwambia mwenyewe kabla hajasikia kwa watu. Hakupiga kelele. Alisema, "Umeharibu mambo mazuri, binti." Akaniomba ufunguo wa chumba cha vipimo, nikampa.

Kwa hiyo kesho usije; barua hii nayo nampa dereva wa teksi ikuwahi usiku huu. Pole sana. Najua Jumatatu hukwenda mgodini kwa ajili ya neno langu. Nimempigia simu afisa wa kampuni mwenyewe na kumwambia kosa ni langu. Anasema unaweza kuanza tarehe kumi na tisa.

Mwambie mama yako nimeyapokea maneno yake makali hata kabla hayajafika.

Widad


Redeyef, 22 Machi 1998

Widad mwanangu,

Nimekaa kimya miezi miwili kwa sababu sikuwa na habari ya kukuandikia bila kujikosoa, na kujikosoa kunanichosha. Sasa nina habari.

Kwanza, nilikosea kukushauri vile. Nimemaliza.

Pili, chama kimejibu. Barua yenyewe ni kavu: kuanzia msimu ujao, kila karatasi ya majaribio itaandikwa saa ya kipimo, na watakaoshindania nafasi moja watapimwa saa ileile. Mistari mitatu na muhuri. Nimeibandika ukutani kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

Tatu, Lazhar. Alifanya kazi kwenye mashine za kuoshea mawe wiki nane. Akitoka zamu anakuja mazoezini mweupe kama aliyemwagiwa unga. Mwanzoni mwa mwezi baba yake Ridha, ambaye anachora mistari ya uwanja wa klabu moja ya daraja la pili huko Gabes, alimwonyesha kocha wao nakala ya mwanawe. Kocha akasoma jedwali zima, akauliza, "Na huyu wa Redeyef ni nani?" Wakawaita wote wawili. Safari hii walipewa mpira. Alhamisi iliyopita Lazhar ameondoka. Amesaini hadi Juni tu, na baada ya hapo hakuna anayejua. Kituoni nilitaka kumpa mawaidha, akaniambia, "Kocha, Jumapili usinipange." Nikacheka mpaka Mabruka akanishika mkono.

Wale wengine watatu waliofaulu, mmoja ameitwa Kairouan, wawili bado. Kipa wa Tozeur amebakishwa Lozi, anadaka vizuri.

Nne, tunashuka daraja. Bila winga wa kulia ni lazima. Kamati wamekuja nyumbani kwa upole, nikajua mwisho umefika. Lakini hawakupata mtu mwingine anayekubali kufundisha bure, kwa hiyo nipo.

Sasa nisikilize. Mama yako anasema umebaki na nusu ya utafiti na huna wachezaji. Mimi nina wachezaji ishirini na wawili, na kumi na mmoja ni watu wa mgodi. Wengine wanaingia zamu saa kumi na mbili asubuhi, wengine saa nane mchana, wengine saa nne usiku, na kila wiki wanabadilishana. Jana niliwakusanya nikawaeleza habari ya asubuhi na jioni kama ulivyonieleza. Wakasikiliza. Halafu Ammar, beki wetu wa kati, ambaye alikuwa ametoka zamu ya usiku na mechi ni saa nane, akanyoosha mkono. Akauliza, "Mwalimu, kwa mtu kama mimi, jioni ni saa ngapi?"

Wote wakawa wananiangalia. Nikawaambia anayeweza kulijua hilo atashuka treni ya Jumanne ya mwisho wa mwezi, na waje wameoga.

Chumba chako Saida ameshakifagia.

Mjomba wako,
Tijani